Fuata Mtumbwi: Kumtafuta Babu wa Kazimia Katika Vitabu vya Ubatizo na Usia

Siku hizi anayeuliza jina la baba wa babu yako si mzee wa barazani peke yake. Huenda ni karani nyuma ya meza kambini Nyarugusu, au wa etasivili kule Baraka, au hakimu anayetaka ushahidi kabla ya kutoa hukumu ya kuzaliwa kwa mtu ambaye hakuandikishwa utotoni. Mzee angeridhika na kisa. Karani anataka jina, mwaka na kijiji. Mwongozo huu ni wako wewe mtu wa Kazimia, huku Fizi, au mtoto wa mtu wa Kazimia popote ulipo, unayetaka kulipata jina hilo na kupanda nalo vizazi viwili vitatu juu zaidi.

Waingereza wanaipenda sana kazi hii, nao hutegemea njia mbili. Ya kwanza ni vitabu vya parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, aliyekuwa mtumishi mkuu wa mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Ya pili ni wosia, kwa kuwa mtu akigawa mali huwataja watoto, wakwe na wajukuu kwa majina. Mahakama za Kanisa ndizo zilizothibitisha wosia hizo hadi mwaka 1858 serikali ilipoichukua kazi hiyo. Jambo la kujifunza kwao ni dogo lakini lina uzito. Kuanzia 1598 kila parokia iliamriwa kupeleka kwa askofu nakala ya kitabu chake mwaka hadi mwaka. Kitabu cha kijijini kikiliwa na panya au kikiungua, mtafutaji huenda kuiulizia nakala ile ya pili.

Sisi wa ukingo huu wa Tanganyika tunazo njia hizohizo mbili, vitabu vya misheni na usia wa wazee, ila za kwetu zimekatwa na maji na vita. Watu wa Fizi wamehamishwa mara nyingi, na karibu kila walipofika kulikuwa na mtu mwenye kalamu. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa kitabu cha hapa kiliungua. Uliza watu walivukia wapi, kisha ufuate mtumbwi.

Kaye ya kwanza

Nunua kaye, yaani daftari, mbili za kurasa nyingi kabla hujaandika barua kwa padri yeyote. Moja ni ya kuandikia haraka unaposikiliza, nyingine ni ya kunakilia safi jioni. Anza na walio hai, na kati yao anza na wanawake wazee. Nasema hivyo kwa kuwa shangazi ndiye aliyesikia mahari ya kila binti ikijadiliwa, na ndiye anayejua mtoto gani alilelewa na nani mama yake alipofariki. Wanaume wengi watakupa mstari mmoja ulionyooka, baba kwa baba, na ndani ya mstari huo nusu ya ukoo imeachwa nje.

Nenda na sukari na majani ya chai, ukae, usiharakishe. Kama mzee anasema Kibembe, Kibuyu au Kizoba vizuri kuliko Kiswahili, mwache aseme lugha yake na umlete mjukuu wa kukutafsiria. Majina ya watu na ya mito yaandike kama alivyoyatamka. Mwulize ukoo kwanza: Basikalangwa, Basimukuma, Babungwe, Balala, Basikasingo, au kama ni Mbwari au Mzoba, nyumba gani. Halafu mwulize kaburi liko wapi. Kijiji huhama, na jina lake hubaki kwenye karatasi bila nyumba hata moja, lakini penye michikichi iliyopandwa kwa mstari na mwembe mkubwa katikati ya pori palikuwa na watu, na mzee atakutajia ni nani aliyeipanda.

Usimwulize mtu alizaliwa mwaka gani. Mwulize alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea. Wabelgiji na Wajerumani walipigania ziwa hili hadi 1916. Uhuru ni 1960. Waasi wa Simba ni 1964, na miaka hiyohiyo maji ya ziwa yalipanda yakala nyumba za ufukweni. Wakuba waliokuja na Che Guevara waliingia Aprili 1965 wakaondoka Novemba. Chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilianza 1967 na kuweka ngome Hewa Bora, na watoto wengi waliozaliwa upande ule hawakuandikwa na serikali kwa miaka. Vita vya 1996 na 1998 kila mtu anavikumbuka. Ukiambiwa, "Simba walipofika nilikuwa nachunga mbuzi, sijaota ndevu," umepata kitu cha kuweka kwenye kaye: alizaliwa karibu na 1952. Andika neno "karibu" daima. Mwaka wa kukisia ulioandikwa kama wa hakika utakupoteza baadaye.

Uwe mwangalifu na neno baba. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Mzee hakudanganyi anapokupa baba watatu wa mtu mmoja. Uliza, "Yupi alimzaa, yupi alimlea, yupi alimtolea mahari?" Majibu yote matatu yana kazi yake, kwa sababu padri huenda alimwandika mlezi, na chefu alimwandika aliyezaa.

Vitabu vya misheni

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa nitakaa.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walijenga Mulweba, katika nchi ya Masanze, mwambao huuhuu wa magharibi. Mwaka 1883 wakafungua Kibanga, upande wa Ubwari, waliyoiita Lavigerieville kwa heshima ya kardinali wao, Lavigerie. Kibanga ilidumu miaka kumi. Maradhi yaliwamaliza watu, na 1893 misheni ikafungwa, Wakristo wakahamishiwa kusini, Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu huko Moba. Unaona maana yake kwa mtafutaji: mtu anayesema babu zake walibatizwa Ubwari kabla ya 1893 asiishie Baraka. Mtumbwi ulikwenda kusini, naye aulizie Kirungu.

Ujue pia kwamba wengi wa Wakristo wale wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mapadri waliwanunua kutoka kwa wafanyabiashara ili wawaachie huru, wakawalea misheni. Katika kumbukumbu za namna hiyo nafasi ya baba na mama inaweza kuwa tupu, au pameandikwa kwa Kilatini kwamba wazazi hawajulikani. Mlango huo ukiwa umefungwa, msimamizi wa ubatizo anaweza kuufungua. Mtu aliyemsimamia mtoto asiye na wazazi mara nyingi ndiye aliyempa makao, mke, na hata jina la ukoo ambalo familia inalibeba mpaka leo.

Nikupe mfano wa ukoo ambao karatasi zake zinajulikana. Kapteni Ludovic Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kulinda misheni hizi akabaki. Alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa huku, akafa hukuhuku mwaka 1927. Mtoto wao Albert alizaliwa Saint-Louis Mrumbi, karibu na Moba, mwaka 1908, akawa padri. Tarehe 28 Novemba 1964 Abbé Albert Joubert aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè, mmisionari Mxaveri kutoka Italia. Siku hiyohiyo Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mtoto yule wa mwambao alifia katika nchi ileile ambayo baba yake aliijia, na ukitaka kumwandika kwenye kaye, utahitaji karatasi za Ufaransa kwa baba, za Mrumbi kwa kuzaliwa na za Uvira kwa kifo. Ukoo mmoja una masanduku matatu. Wa kwako hautakuwa tofauti sana.

Sasa nenda kazini. Tambua kwanza parokia ilikuwa chini ya nani mwaka unaoutafuta. Jimbo la Uvira liliundwa 1962, na Waxaveri walikuwa wamefika Kivu mwaka 1958. Kabla ya Uvira kuna Kasongo, na kabla yake kuna vikariati iliyoongozwa kutoka Baudouinville. Hili ni muhimu kwa sababu ya ile nakala ya pili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko, kila mwisho wa mwaka, ampelekee askofu nakala ya vitabu vya parokia. Kwa hiyo kitabu kilichochomwa Fizi mwaka 1964 kinastahili kuulizwa upya kwenye nyumba ya askofu. Uliza kwa upole, kwa barua, ukitaja jina, kijiji, majina ya wazazi na miaka mitano unayoikisia. Usiombe kufunuliwa kitabu kizima. Padri ana haki ya kukataa, kwa kuwa ndani mna siri za watu wengine. Omba dondoo la ubatizo pamoja na maandishi yote ya pembeni.

Hayo ya pembeni ndiyo wengi wanayoyaacha. Mkatoliki akioa mbali, parokia ya ndoa hupaswa kuiarifu parokia ya ubatizo, na karani huandika pembeni mwa jina lake: amefunga ndoa siku fulani, mahali fulani, na fulani. Jina la kijana wa Kazimia linaweza kuwa na Kigoma pembeni, au Kalemie, au Bujumbura. Mstari huo mdogo ndio mtumbwi wenyewe. Andika barua huko.

Vitabu vya zamani vina Kilatini, vya baadaye Kifaransa. Hutahitaji maneno mengi. Natus ni aliyezaliwa, baptizatus aliyebatizwa, filius mwana, filia binti, patrinus msimamizi mwanaume, matrina msimamizi mwanamke, obiit amefariki, in periculo mortis amebatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Ukiona mtu mzima amebatizwa, rudi nyuma miaka minne: Kardinali Lavigerie aliweka sharti la mafundisho ya miaka minne, basi huo ndio wakati mtu huyo alipoanza kukaa karibu na misheni. Na aliyebatizwa katika hatari ya kufa hakusubiri muda huo, kwa hiyo hesabu hiyo usimfanyie.

Kama nyumba yenu ni ya Kiprotestanti, njia hubadilika. Wapentekoste wa Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kanisa lililotokana nao ni CEPAC. Hao hawabatizi watoto wachanga. Wanabatiza ziwani au mtoni mtu aliyekwisha kuamini, hivyo tarehe ya karti ya ubatizo haikwambii alizaliwa lini. Tafuta badala yake orodha ya watoto waliowekwa mbele ya kanisa, orodha ya washirika, na barua ya kuhama ambayo mshirika huibeba kutoka kanisa moja kwenda jingine. Wazee wa kanisa hutunza vitu hivi kwenye masanduku ya bati nyumbani kwao, na mzee akifa sanduku hukaa kwa mjane. Mwendee mjane.

Usia

Kwa Mwingereza wosia ni karatasi iliyotiwa sahihi. Kwetu usia mwingi ulitolewa kwa mdomo, nao una nafasi yake hata kisheria: Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 inautambua usia wa mbele ya ofisa, usia ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe, na ule wa mdomo unaotolewa mbele ya mashahidi na mtu anayeona kifo kimemkaribia. Tafuta mashahidi. Nani alikuwa chumbani? Kila aliyeitwa aliitwa kwa sababu ya undugu au deni, na orodha ya waliokuwepo ni nusu ya ukoo.

Siku ya kutoa matanga, baraza la familia hukaa. Hapo hutajwa mali, madeni, watoto wa nje, wajane na nani atamrithi nani. Ikiwa kuna aliyeandika PV, yaani kumbukumbu ya kikao, omba kuinakili, maana watoto wote hutajwa humo, hata wale ambao nyumbani hawatajwi. Kama shauri lilifika mahakamani, karatasi nyingine iko kwa karani wa mahakama ya amani iliyolisikiliza.

Kuna kitabu kingine ambacho hakuna mtu anayekiita usia, nami nakithamini kuliko vyote: kaye ya mahari. Familia nyingi huandika nani alichanga nini binti alipoolewa au kijana alipooa. Mbuzi mmoja kutoka kwa mjomba fulani, pesa kutoka kwa baba mdogo wa mahali fulani, deni la ng'ombe lililobaki. Mtu hachangii harusi ya asiyemhusu. Deni ambalo halijalipwa ndilo linalodumu kumbukumbuni kuliko yote, kwa hiyo uliza: "Nani anatudai, na sisi tunamdai nani?" Utaletewa majina ambayo swali la "ndugu zetu ni nani" lisingeyaleta. Vivyo hivyo michikichi. Mzee akisema michikichi ya ng'ambo ya mto ni ya watoto wa mama mkubwa, amekwambia babu alikuwa na wake wawili na nyumba gani ilitangulia.

Majina yanayokudanganya

Januari 1972, chini ya siasa ya otantisite ya Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na kila Mzairwa akatakiwa kutumia majina ya mababu. Kanisani mtoto aliendelea kuitwa Maria au Petro. Kwenye karatasi za serikali jina hilo halikuwepo. Ruhusa ilirudi baada ya 1990. Kwa hiyo mtu mmoja aliyezaliwa 1974 anaweza kuwa na karatasi mbili ambazo hakuna anayeweza kuona kuwa ni za mtu mmoja, isipokuwa kwa majina ya wazazi. Linganisha wazazi kila mara.

Jina kama Ramazani, Saidi au Selemani si ushahidi wa dini. Majina hayo yaliingia na misafara ya waungwana kabla ya misheni, na yamebaki katika nyumba za Wakristo wa Fizi. Kama pana bin au binti, na wazee wanasimulia safari za Ujiji, Tabora au pwani, ng'ambo ya ziwa kuna Wamanyema ambao asili yao ni upande huu. Wengine walifika Unguja, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zinatunza kumbukumbu za mahakama na za waliopewa uhuru wakati huo.

Tamka jina kwa sauti kabla ya kusema halimo. Waandishi wa Kifaransa waliandika Djuma, Tchomba, Moussa. L na r hubadilishana, alama ya mkato ya majina ya Kibembe huachwa, na Kazimia yenyewe unaweza kuikuta Kasimia. Na kwenye barua za Kiswahili cha huku, bibi mara nyingi ni mke. "Bibi yake Amisi" si nyanya yake. Nimeona mti mzima wa ukoo ukipinduliwa kwa neno hilo moja.

Ng'ambo

Baada ya Oktoba 1996 mitumbwi ilivuka kwenda Kigoma usiku na mchana. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huo. Lugufu ilifunguliwa 1997 ikafungwa 2009. Kule UNHCR iliandika familia nzimanzima, kila mtu na uhusiano wake na kiongozi wa nyumba. Karti za posho zilizochakaa, karatasi za usajili, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule ya kambini: hizo ndizo karatasi za kwanza ambazo familia nyingi za Kazimia ziliwahi kuwa nazo. Usizitupe kwa kuwa umeshapelekwa Marekani au umesharudi nyumbani. Fahamu tu kwamba nyumba ya kambini si lazima iwe nyumba ya damu. Yatima wa jirani aliandikwa mtoto, mpwa aliandikwa kaka, ili watu wasitenganishwe. Andika pembeni ukweli uujuao, bila kumlaumu aliyefanya hivyo.

Kwa miaka ya Wabelgiji, wanaume watu wazima walikuwa na kitabu cha utambulisho, na machefu walikuwa na orodha za hesabu ya watu. Kitabu hicho ukikikuta kwenye sanduku la marehemu, kipige picha kila ukurasa, hata kurasa za kodi. Faili za utawala wa kikoloni ziko Brussels, na hati kuu za Mapadri Weupe, pamoja na shajara za kila siku za misheni zao, ziko Roma. Shajara hizo huwataja zaidi makatekista, machefu na watu wa kazi. Ikiwa babu yako alikuwa mmoja wao, barua ya Kifaransa yenye jina la misheni na miaka inafaa kutumwa.

Ukigundua kwamba nyanya wa nyanya yako alinunuliwa, au mtoto fulani hakuzaliwa na aliyemlea, mwambie kwanza aliye karibu zaidi na habari hiyo, faraghani, na umwache aamue. Wala usikubali kaye yako itumiwe kuwahesabu wenyeji na wageni. Fizi imezika watu wengi kwa hesabu za namna hiyo.

Sasa nakili kaye yako mara ya pili, kwa mkono au kwa picha za simu. Ya kwanza ikae Kazimia kwa shangazi. Ya pili mpe ndugu aliye ng'ambo, leo, kabla mzee wa mwisho aliyekuambia hajaondoka.